Tangi Lililojipasha Moto

Piła, 6 Oktoba

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Kifua kinaendeleaje? Ile dawa unakunywa, au unayamwagia maua? Mimi ni mzima, ila usingizi wa shida.

Injini yetu ya roketi imewaka vizuri. Moshi wake ni mvuke mtupu, kama wa birika. Mafuta haya hayatamuunguza mtu mapafu kama yale mliyojaza kwenye makombora jeshini. Ndiyo kazi niliyojiapia utotoni, nikikusikia unakohoa chumba cha pili.

Jambo moja linanikera. Tangi jipya, lile la bei rahisi, lina joto kuliko banda lilimo, na hakuna anayelipasha. Mafuta haya yakikuta uchafu huanza kuchemka yenyewe, polepole, halafu ghafla. Nilimwambia mkurugenzi, Bwana Radomił. Akacheka: “Halszka, ukiogopa mvuke, nenda kapike supu.”

Mwanao,
Halszka

Suwałki, 19 Oktoba

Mwanangu,

Barua imefika, ahsante. Kifua ni kilekile, kinapiga filimbi mpaka Bi Kunegunda wa chini anagonga dari kwa ufagio. Anakusalimu. Anauliza utaolewa na roketi lini.

Sasa nisikilize. Jeshini nasi tulikuwa na mkubwa aliyecheka. Wenzangu wa zamu ile wote wameshazikwa, nimebaki mimi. Acha kazi hiyo, urudi. Chumba chako kipo, na kabichi ya kuchachusha imejaa pipa.

Baba yako

Piła, 2 Novemba

Baba mpendwa,

Pole na kifua, na mwambie Bi Kunegunda roketi haijaleta posa.

Ningerudi, lakini nani angelitazama tangi? Fundi wangu Ludomir mkewe ni mjamzito, anaogopa kufungua mdomo. Zimamoto niliwapigia, wakasema watakuja wakipata nafasi. Na joto likapanda tena.

Basi leo nimefungua bomba, nikalijaza tangi maji mpaka likapoa. Mafuta yote yameharibika. Radomił alikuja mbio.

“Unajua umefanya nini?”

“Nimekuzuia usiue watu.”

“Thibitisha!”

Sikuweza, Baba. Tangi lililopoa halimwonyeshi mtu kitu. Nimefukuzwa kazi.

Usinikasirikie.

Mwanao,
Halszka

Suwałki, 14 Novemba

Mwanangu,

Nikukasirikie kwa lipi? Nilisoma barua yako kwa sauti, peke yangu jikoni, nikajiona mrefu kwa fahari.

Lakini mbona huji? Wamekufukuza, bado unalinda nini? Kila treni ya jioni ikiingia nachungulia dirishani kama mjinga. Njoo, tafadhali.

Baba yako

Piła, 27 Novemba

Baba mpendwa,

Unaendeleaje? Mwenzio si mzima sana.

Wamenunua mafuta mapya, wakayatia kwenye tangi lilelile. Ludomir amenipigia akinong'ona: limeanza tena kupata joto. Kesho wanakuja matajiri wa kutoa mtaji, watakaa chumba kinachopakana na banda, wanywe kahawa. Nikamwambia awazuie. “Mimi nani, dada, wa kumzuia mkurugenzi?”

Kesho naenda mwenyewe. Wakinifungia geti, nitapiga kelele hapohapo mpaka watoke kunitazama. Jumapili nitakuwa kwako. Uniwekee sahani.

Mwanao,
Halszka

Piła, 1 Desemba

Halszka, mwanangu,

Sijui nianze na salamu gani.

Nilisikia kwenye redio, nikapanda treni. Ludomir yuko mbele yangu, mikono yote bandeji. Anasema ulipita getini kwa nguvu, ukapiga king'ora, wageni wakatoka wanakutukana kwamba una wazimu. Yeye ukamsukuma nje: “Toka, mkeo anakungoja.” Kisha ukarudi kufungua maji, tangi likalipuka.

Wageni wote wazima. Radomił mzima. Amewaambia waandishi kwamba chanzo hakijulikani.

Banda halipo tena. Wanaokutafuta wameacha kwa sababu ya theluji, wanasema wataendelea asubuhi. Waliniuliza kama nataka chumba cha hoteli. Nimekataa. Nipo hapa chumbani kwako, nimekaa na koti langu. Mlango sijaufunga kwa ufunguo.

Baba yako