Ufunguo wa Choo Uko kwa Shemeji

Mama Léoncie, mshauri wetu wa redioni, nisaidie kabla sijaaibika zaidi. Mimi ni mke wa Amjad, nina mimba ya miezi mitano, nauza vitenge katika duka la wakwe zangu hapa mjini, na ufunguo wa choo anakaa nao shemeji yangu Yaseen, basi kila nikiuomba anapaza sauti mbele ya wateja, "We Nura, tena? Umemeza ziwa yote ya Tanganyika?" watu wanacheka, kwa hiyo nikaacha kunywa maji mpaka tufunge duka, nabana tu, na sasa mkojo unawaka kama pilipili na unatoka matone, wifi yangu Miza akanigawia vidonge vilivyobaki vya kwake nikapata nafuu, ugonjwa ukarudi, mama mkwe akanipa maji ya shabu nijioshe ndani, ukazidi, ndipo akamwambia mwanawe, "Bibi yako analeta magonjwa ya inje," na Amjad, ambaye zaidi yake sijamjua mwanaume, amehamishia godoro sebuleni. Tangu juzi kiuno kinaniuma upande mmoja na nina homa. Niape kwa Msahafu ndiyo aniamini?
Nura, Bujumbura

Nura mwanangu, Msahafu uache mahali pake, uende hospitali leo hii. Kwa homa na maumivu hayo, huenda vijidudu vimepanda kwenye figo, na mimba inaweza kutoka. Wapime mkojo, waambie una mimba, na dawa yao uimeze mpaka iishe hata ukijiona mzima. Vidonge vya Miza vilikuwa vya Miza! Mmegawana dozi moja, na nusu dozi haiponyi mtu.

Shabu mwaga. Ndani hakuoshwi, nje maji matupu yanatosha, na ukijipangusa anza mbele kwenda nyuma. Ukitoka kulala na mume, nenda ukakojoe. Kunywa maji kutwa nzima, chai ya sukari punguza.

Nimekasirika, sikufichi. Ugonjwa huu hupata hata bikira, hata bibi kizee, hauhitaji hawara. Mama mkwe wako amezaa, asijue hilo? Na wewe, mficha uchi hazai. Ulibana ili Yaseen asikucheke, na aliyeumia ni wewe.

Ukipona, ufunguo utundikwe ukutani dukani. Usipoukuta hapo, geuka urudi nyumbani, vitenge wauze wenyewe. Amjad aende nawe hospitali, daktari amweleze. Akikataa, nenda na Miza, na usimwapie chochote. Godoro lake liache hukohuko sebuleni mpaka aje yeye kuomba radhi.