Hita Niliyomsingizia Kasongo

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana hapa Kakuma sina tena wa kumuuliza. Mimi ni dereva wa teksi, na mwezi uliopita nilimpeleka mama Eldoret kupasuliwa jicho, tukapita Lodwar kwa joto kama kawaida, lakini tulipofika Kapenguria mvua ikaanza, kioo kikajaa ukungu, nikawasha hita nikapata upepo baridi tu, na mama akatetemeka mpaka meno yakagongana, mimi sina hata shuka la kumfunika, nikaona aibu na hasira pamoja. Gari hili ninalo miaka mitatu na sikuwahi kuiwasha hita, nani atawasha hita Kakuma, lakini fundi wangu Kasongo, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ambaye ni rafiki yangu sana, alikuwa amebadilisha mkanda wa feni wiki moja kabla, kwa hiyo tuliporudi nilienda moja kwa moja karakanani kwake nikamwambia mbele ya wateja kwamba ameng'oa kitu cha hita akauza. Alinitazama tu akasema, "Miye sikutoa kitu, ndugu. Gusa ile mipira mbili ya hita kwanza." Sikugusa, nikaondoka nikimtukana. Nyumbani, injini ikiwa moto na hita nimeiwasha, nikagusa ile mipira ya kupitisha maji, mpira mmoja unachoma na mwingine ni baridi, na hakuna kilichotolewa. Sasa madereva wenzangu wanampita Kasongo wakisema ni mwizi wa spea, na mama ana kliniki baada ya wiki mbili. Rejeta naijaza maji ya kisima kila asubuhi kama kawaida. Je, hita hii ina shida gani?

Ejore, Kakuma

Ejore, pole kwa mama. Nianze na ulichouliza, maana ndicho chepesi. Maji ya moto huingia kwenye hita kwa mpira mmoja na kutoka kwa mwingine. Mmoja ukichoma na mwingine ukiwa baridi, katikati pameziba. Nenda jikoni ufunue birika la chai, utaona ukoko mweupe wa maji yetu ya chumvi. Huo ndio uliomo ndani ya hita yako, na umeutia wewe mwenyewe kila asubuhi. Tena rejeta inayodai maji kila siku inavuja mahali, nawe unaita hiyo kawaida! Injini ikipoa, fundi aifungue mipira, asukume maji safi ndani ya hita hadi uchafu uishe, azibe panapovuja, kisha mtie maji ya rejeta ya dukani, yale ya rangi. Na mama mbebee blanketi, hilo halihitaji fundi.

Sasa ambacho hukuuliza. Hita hujawahi kuiwasha hata siku moja, ulijuaje kwamba ilikuwa nzima kabla Kasongo hajafungua boneti? Yeye ni mkimbizi, jina lake ndilo karakana yake, nawe umelichafua kwa sababu uliona aibu mbele ya mama yako. Nimekasirika, Ejore, sifichi. Ulipogusa mipira ukajua ukweli, kisha ukanyamaza, na kunyamaza huko ni kubaya kuliko yale matusi.

Kesho, saa ambayo madereva wamejaa pale, nenda useme kwa sauti ile ile: nilimsingizia. Mwombe radhi, usijieleze sana. Akikataa kukusamehe ni haki yake, na bado uwazungukie wenzako mmoja mmoja uwaambie. Gari liache nyumbani, uende kwa miguu. Ukienda nalo atadhani umefuata hita.