Kofia ya Baba ya Kupima Ubongo

Mdogo wangu Ochieng,

Huku Migosi kwa shangazi ni joto tupu. Hospitali ilimvalisha Baba kofia yenye nyaya siku nzima, waone ugonjwa wa Parkinson unavyousumbua ubongo wake. Daktari aliagiza atulie, nikamkalisha mbele ya televisheni. Mkono ukatetemeka asubuhi yote. Mchana shangazi akaleta ngege wa kukaanga.

"Samaki hana chumvi," Baba akasema.

Wakagombana saa nzima, huku Baba akichambua miiba bila kutetemeka.

Leo daktari amesoma vipimo.

"Saa saba mchana ubongo ulitulia sana. Mzee alikuwa amelala?"

"Nilikuwa nakula," Baba akajibu.

Sasa Baba anataka tubaki kwa shangazi wiki nyingine, ati kwa matibabu. Mkumbatie Mama, nawapenda.

Dada yako, Akinyi