Kwa Meja Asahel Thorndike, Mwenye Duka wa Harlow Mills

Ni mwaka mmoja sasa, Asahel, tangu ulipoketi kando ya jiko la dukani ukasema unapumzika kidogo tu, usiamke tena.

Vita vilikuchukua miaka mitatu, vikakurudisha na mkono usiokunjika. Bunge la jimbo letu la Vermont likawa linakuchukua kila majira ya baridi. Kilichobaki kikachukuliwa na duka. Sisi tulikupata Jumapili, nawe ulikuwa ukisinzia kabla maharage hayajapakuliwa. Hata kukoroma kwako kulitupendeza.

Ulijua nani hali jibini na nani ana mtoto anayekohoa. Msumari wa mteja ukianguka, uliinama mwenyewe kuuokota, huku unaguna.

Mwaka ule wa uchaguzi hatujausahau. Enos Peck, kijana wa kikosi chako, alikuwa ametoroka vitani, na mji mzima ukamtenga mama yake. Wewe ulimhudumia mama huyo kwanza dukani, wengine wakingoja. Kwenye mkutano wakakuzomea: "Meja wa watoro! Wenzetu wamelala makaburini, wewe unampimia chai mama wa mwoga!"

Ukasimama. "Aliyekimbia ni Enos. Mama huyu hajakimbia popote. Yuko hapa hapa, na chai imemwishia."

Waliocheka walikuwa wachache. Kiti cha Bunge ukakikosa, wateja wakahamia duka la ng'ambo ya mto. Mimi mkeo nikakulaumu: "Si ungenyamaza tu, baba Lucius?"

Ukanijibu, "Nimebeba mengi, Mehitabel. Kunyamaza kule nisingekuweza."

Baadaye walirudi mmoja mmoja, wakinunua uzi wasiouhitaji. Hukumsuta hata mmoja. Siku tuliyokuzika, Bi. Peck alisimama nasi mbele kabisa, na hakuna aliyethubutu kumsogeza.

Sasa tukuambie, usitukasirikie: duka tumeliuza. Lucius alijaribu, hakuliweza. Miguu yangu nayo imevimba, haitaki tena kusimama kutwa. Mnunuzi aliuliza kama aliache jina lako juu ya mlango, maana bado linavuta watu. Octavia, bintiyo, ndiye aliyejibu:

"Lishushe, bwana. Baba amefanya kazi ya kutosha."

Unakumbukwa na mkeo Mehitabel, wanao Lucius na Octavia, dada yako Submit, wajukuu, na Bi. Drusilla Peck, aliyeomba jina lake liandikwe pamoja na yetu.

Tumechoka, Asahel, lakini kukukumbuka hatutachoka kamwe.