Zamu ya Mchungaji

Kaka Mchungaji,

Bwana asifiwe. Huku tu wazima, ila bati la jikoni linavuja tena.

Kila nilipokuomba tumuuguze Mama kwa zamu, ulinijibu kwamba mapenzi ya Mungu hutangulia raha zetu, kwa hiyo nijitwike msalaba wangu. Basi nimefunga, nimeomba, na nimeonyeshwa kwamba msalaba sasa ni wako. Usiku mgeuze, la sivyo vidonda vya mgongoni vitazidi. Wifi asikunje uso. Naye si ameokoka?

Barua hii nimeibana kwa pini kwenye shuka la Mama, kwa hiyo ukiisoma ameshafika mlangoni. Dereva aliyemleta nimemkataza kumrudisha. Mama nimemwambia wewe ndiye uliyemwita, akalia kwa furaha. Ukiweza, mwambie ukweli.

Dada yako katika Bwana,
ninayekwenda kulala.