Kazi ya Kikundi Mbele ya Karai

Suhail, ukiamka, kama utaamka, chai imo kwenye chupa. Mie nipo sokoni. Nguo zako ~~nitazifua nikirudi~~ zifue mwenyewe.

Asubuhi ulikuwa unakoroma, hukusikia kitu. Mdogo wako Mwatum yuko jikoni anakaanga bajia za biashara, wakaja wenziwe wa kidato cha sita, wale watatu wa kazi ya kikundi. Kazi yote kaiandika yeye, wao hata mstari hawana. Ghalib, eti ndiye kiongozi, kaziba pua: "Mwatum, leo mbele ya darasa tutasoma sisi. Wewe unanuka mafuta." Nyumbani kwangu! Na mkono mwengine kashika bajia yangu, anatafuna.

Nilitaka nimtoe mbio. Mwatum kanitangulia. Kamtia mwiko mkononi, kamwambia taratibu, "Si kazi ya kikundi? Basi kaanga, mie nikaoge."

Akaenda kweli. Bwana mkubwa kasimama mbele ya karai, hajui ageuze lipi, bajia zikawa makaa, wenziwe wanamcheka. Mwatum akavaa, akachukua karatasi zake, akaondoka. Wakamfuata nyuma. Atasoma yeye.

Kijana mzima, ndevu zimemtoka, bajia hajui kuigeuza! Nikamtazama, nikakukumbuka wewe, kifungua mimba wangu.

Leo jioni mtoto asiguse karai. Kunde nimeziroweka. Saga, ukaange wewe.

~~Mama Suhail~~
Mama Mwatum