Jibu Lililotoka Chuoni

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii imekukuta umeketi, maana nakujua, ukisoma umesimama hufiki mwisho. Goti linaendeleaje? Na baba, bado anabishana na redio asubuhi? Mimi mwili haunidai kitu. Nakula, nalala, naamka. Yaliyonishikisha kalamu ni mengine.

Usishangae kuuona mwandiko wangu baada ya miaka yote hii ya simu. Simu yako anashinda nayo mwanao kwa sababu ndiyo anayosomea, na haya nataka uyajue wewe kwanza. Nimempa bahasha dereva wa basi la asubuhi, akukabidhi mkononi. Tafadhali isome yote leo hii, hata kama umeacha chungu jikoni.

Kila tunapoongea unanisimulia jinsi unavyopita sebuleni jioni, ukaisikia sauti yangu kwenye video za masomo yake, ukaitika kwa mazoea, kisha wewe na mwanao mkacheka. Nami nacheka nanyi. Lakini dada, huyo mnayemsikia na mimi tumeachana siku nyingi. Yeye bado ni mwalimu. Mimi si mwalimu tena.

Mambo yalianza alipoletwa mkuu mpya wa chuo, bwana aliyekuwa akiendesha kampuni ya sabuni. Alitukusanya ukumbini akatueleza kwa upole kwamba tangu siku hiyo wanafunzi ni wateja na somo ni bidhaa, na kwamba bidhaa nzuri haitegemei muuzaji ameamkaje. Wengine walipiga makofi. Mimi nilidhani ni maneno tu, yatapita. Baada ya muda mfupi nikakuta maabara yangu ya udongo imefungwa. Unakumbuka nilivyokuwa nikiwaagiza wanafunzi wa mwaka wa kwanza waje na kopo la udongo wa kwao? Tuliulowesha, tukaukausha, tukaukandamiza, kila mmoja akajua ardhi ya kwao ina tabia gani. Makopo yote yalimwagwa nyuma ya jengo. Sasa hapo pana mkahawa wa kahawa, na vikombe vimepangwa kwenye rafu zilezile.

Kisha tukaitwa kurekodiwa. Nilivalishwa blauzi ya buluu waliyoichagua wao, nikasimamishwa mbele ya pazia la kijani. Waliniagiza nisitaje tukio lolote la karibuni, ili video isizeeke upesi. Nisiseme "sijui." Nisiseme "inategemea," kwa kuwa wateja wanapenda majibu yaliyonyooka. Dada, kazi yangu yote ya misingi ya majengo ni neno hilo moja, inategemea. Nikalimeza. Nilirekodi masomo yote mfululizo, nikatia saini kwamba sura yangu, sauti yangu na maneno yale ni mali ya chuo, na kwamba sitayapinga hadharani wala kwa mwanafunzi yeyote. Aliyekataa alipewa mkono wa kwaheri palepale. Nilijiambia kuwa nikibaki ndani nitapata nafasi ya kurekebisha.

Sasa nikueleze jambo lililonikosesha raha. Katika kipindi changu cha mwisho cha ana kwa ana, siku chache kabla ya kurekodi, nilikuwa nikifundisha juu ya udongo mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Niliwaambia walivyoniambia walimu wangu: uondoe udongo huo kwa kina fulani, ujaze kifusi kizuri, ukishindilie, kisha ujenge msingi wa kawaida juu yake. Msichana mmoja aliyekuwa hasemi kabisa darasani akanyoosha mkono. Akaniuliza, "Na kama mweusi unaendelea chini kuliko tulipochimba, mwalimu, kile kifusi si kitainuka nao?" Nikamwambia nitamjibu wiki ijayo. Wiki iliyofuata ukumbi wa masomo ulikuwa umeshafungwa.

Swali lile nilirudi nalo nyumbani. Baada ya kurekodi nilianza kutembelea nyumba zilizojengwa kwa njia ile, moja moja, kila nilipopata nafasi. Wenyeji walinidhania nakusanya kodi. Mahali ambapo udongo mweusi ulikuwa wa juu juu, nyumba zimesimama vizuri. Mahali ambapo unashuka chini sana na maji ya mvua hayana pa kukimbilia, nilikuta nyufa ninazoweza kutia kidole. Kwenye shule moja ya chekechea ukuta ulikuwa umeachana na dirisha, na mwalimu wao alikuwa ameziba uwazi kwa picha za wanyama walizochora watoto. Yule msichana alikuwa sahihi. Somo langu linafaa mahali pengine na mahali pengine halifai, na kwenye video nimelisema kama sheria ya kila mahali.

Nilikwenda kwa msimamizi wetu kuomba somo hilo lirekodiwe upya. Huyu ni kijana mstaarabu sana, sisi tunamwita Nyota Tano kwa sababu kila kitu anakipima kwa nyota wanazotoa wateja. Alinisikiliza, akanipa na maji ya kunywa. Akaniambia kwamba somo hilo ndilo linalopendwa kuliko yote, limeshauzwa kwa vyuo vingine, na kulibadilisha ni kukiri kwamba wateja waliuziwa kitu kibovu. Nikamwambia kuna watu wanajenga kwa kulifuata. Akasema, "Mama, sisi hatujengi nyumba za watu. Tunatoa vyeti."

Sikutegemea angesema wazi hivyo. Nadhani hata yeye hakutegemea, maana alianza kupanga kalamu zake mezani.

Utasema, si uondoke? Nilijaribu, dada. Niliomba kazi chuo kingine, nikajibiwa kwa adabu kwamba tayari wanaye mwalimu wa somo hilo. Nilipouliza ni nani, nikaambiwa ni mimi. Walikuwa wamezinunua video. Kila mlango ninaobisha, nakuta yule wa blauzi ya buluu ameshaingia kabla yangu, naye halipwi, hazeeki, wala haumwi na kichwa. Na nikisimama kusema kwamba chuo hiki hakifai, nimeshusha hadhi ya vyeti vya wote niliowafundisha, pamoja na changu mwenyewe, maana nami nilisoma hapa. Nimezunguka pande zote, sioni upenyo.

Basi siku hizi naitwa msaidizi. Nakaa kwenye chumba cha meza ndefu, sote tumevaa visikizio vya kuzuia kelele, tunajibu maswali ya wanafunzi yanayokuja kwa maandishi. Majina yao hatuyaoni, tunaona namba tu. Wao nao hawatujui, wanadhani sisi ni vijana wa kubonyeza vitufe. Na kweli kazi ni kubonyeza, kwa sababu majibu yameandikwa tayari, unachagua linalofaa. Ukiandika la kwako linapita kwanza kwa Nyota Tano. Kuna mwanafunzi aliwahi kunikasirikia kwa kuchelewa kumjibu, akaniandikia nijifunze kutoka kwa yule mama wa kwenye video, anayejua kueleza. Nilicheka mpaka jirani yangu akaniuliza kuna nini.

Juzi, saa za asubuhi, likaja swali refu. Mwanafunzi aliandika kwamba anataka kumjengea mama yake vyumba vitatu nyuma ya jiko la zamani, na amechimba kama somo linavyosema, lakini chini bado ni mweusi. Akauliza aendelee kuchimba au ajaze kifusi amwage zege. Kisha akaongeza, nafikiri kwa kutaka kueleza vizuri, kwamba hapo ardhi inapasuka sana wakati wa kiangazi, na mama yake husimulia jinsi ufa ulivyommezea mdogo wake kandambili, yule mdogo akalia akidhani ardhi itarudi kuchukua na mguu.

Dada, nilivua visikizio. Kandambili ile ilikuwa ya kijani, ya mguu wa kushoto, na wewe ndiye uliyenibeba mgongoni.

Niliandika jibu langu mwenyewe. Nilimwambia asimwage chochote. Likarudi limepigwa mstari, pembeni pameandikwa kwamba liko nje ya bidhaa. Nikaandika tena kwa maneno mengine, likarudi tena, na safari hii Nyota Tano mwenyewe akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama najisikia vizuri, na kama nakumbuka nilichokitia saini. Chumba kizima kiliacha kubonyeza. Nikaangalia vitufe. Nikabonyeza kile kinachosema, "Asante kwa swali lako. Endelea kama somo linavyoelekeza." Alinishika bega kidogo akaondoka.

Ni mimi niliyemjibu, dada. Si mashine, si kijana wa kubonyeza. Nilijua ni mwanetu, nilijua ni nyumba yako, nikajua na udongo wenyewe, na nikabonyeza.

Mchana nilitoka nje kwenye korido nikampigia. Nilimwambia asimamishe kazi. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Lakini mama mdogo, nimewauliza chuoni, wamesema niendelee." Nikamwambia chuo kimekosea. Akaniambia taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "Wewe mwenyewe ulisema kwenye somo. Labda umesahau. Nikutumie video uitazame?" Hapo ndipo nilipotakiwa kumwambia aliyemjibu ni nani. Badala yake nikamwambia ale vizuri, nikakata simu. Alikuwa ameshanieleza kuwa mafundi wanamwaga zege Jumamosi.

Kwa hiyo nakuomba wewe, kwa kuwa kiwanja ni chako na yeye bado anakuogopa. Wazuie mafundi. Kama saruji imeshafika, ihifadhiwe mahali pakavu, haitaharibika kwa siku chache. Achimbe shimo moja pembeni, jembamba, lishuke mpaka udongo ubadilike. Ukibadilika karibu, ni heri, msingi ushuke hadi hapo. Usipobadilika, basi vyumba hivyo vinataka kukalia jamvi moja la zege lenye nondo, lililotanda chini ya vyote, na maji ya paa yapelekwe mbali. Amtafute mhandisi aje apaone kwa macho yake, asijenge kwa kusikia. Usimwambie kwamba mwalimu amesema, maana mwalimu anamsikia kila jioni na amesema vingine. Mwambie ni mama yake mdogo. Na mweleze habari ya kile kitufe. Mimi nimeshindwa. Akikasirika, mwache akasirike.

Sijui chuo kikijua nimekuandikia haya watanifanya nini, na kusema kweli hilo silo linalonikalia kifuani. Tangu nianze kazi ya usaidizi, swali la udongo mweusi limeulizwa mara nyingi, na kila mara nimebonyeza pale pale. Wale wengine siwezi kuwaandikia barua. Hao ni namba tu, sijui wako mji gani, sijui wanamjengea nani. Kesho nitavaa visikizio, na likija tena nitakuwa mbele ya vitufe vilevile. Wewe nimekuandikia kwa sababu ndiwe pekee ambaye nyumba yake najua ilipo.

Msalimie baba, mwambie nitamletea betri za redio. Goti lifunge kitambaa cha moto jioni, usilichoshe. Na mwanetu usimseme sana mbele ya mafundi. Hana kosa lolote, aliuliza swali zuri.

Mimi mdogo wako,
yule uliyembeba.